Pumzi ya Kitanda cha Tatu

Pumzi ya Dessa Hruska ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ngumu, umetuna kama mto wa mtoto mchanga. Bi Odelia Thibodeaux aliugeuza juu ya meza. Ukiutazama huoni kitu, ukiutikisa husikii kitu. Lakini kwa kauli ya Daktari Garland Stroud, mle ndani mlikuwa na sababu ya kutosha ya kumnyima binti huyo safari ya anga.

"Kitendawili, Daktari," alisema Odelia.

"Sina muda wa vitendawili, mama."

"Hujibiwa 'tega'. Haya, nitajitegea. Huingia bila hodi, hutoka bila kwaheri, na siku akikosa kurudi nyumba nzima hulia."

Stroud alivua miwani akasugua macho. "Pumzi."

"Kumbe unaviweza. Sasa nieleze ya Dessa inasema nini."

"Asetoni. Ileile ya kufutia rangi ya kucha. Kila asubuhi iko juu, jioni inashuka, asubuhi iko juu tena. Wenzake watatu hawana zaidi ya ile chembe ambayo mimi na wewe tunayo. Hewa ya chumba chao cha mazoezi haina. Sasa kama haitoki hewani, inatoka mwilini mwake. Na mwili hutengeneza asetoni nyingi kwa sababu mbili, kisukari au njaa. Sukari yake imepimwa, ni ya mtu mzima wa afya."

"Kwa hiyo njaa."

"Anajinyima, au anakula halafu anajitapisha. Usiku mwili unachoma mafuta yake wenyewe, asubuhi sisi tunaona moshi. Mtu wa namna hiyo sitampandisha juu. Kesho adhuhuri kamati inakaa. Nikishasema nililonalo, mlango unafunguliwa, Dessa anatoka, na Royce Tamplin, mtu wa akiba, anachukua kiti chake."

"Na waliobaki ndani?"

"Hewa ya nje ikiingia, mazoezi yao yamekufa. Wataanza upya."

Kanuni za Kituo cha Anga zilidai kwamba kabla ya mtu kutolewa chumbani kwa sababu ya kipimo, aitwe mpelelezi kutoka nje aikague hewa. Stroud alimwita Odelia kwa ajili ya kanuni, si kwa ajili ya Odelia. Mama huyu alikuwa amezeekea Port Arthur akipima hewa ya viwanda vya mafuta, akizozana na mameneja waliomwambia hakuna kitu huku macho yao yakitoka machozi. Alikuwa na nywele nyeupe, viatu vya kutembelea, na chupa ya chai baridi yenye sukari ambayo hakuiacha hata akienda msalani.

"Nani huleta mifuko hii hapa maabara?" aliuliza.

"Royce."

Odelia akamtazama.

"Najua unachofikiri," alisema Stroud. "Nami nilikifikiri. Lakini Royce ni kijana mwadilifu."

"Waadilifu nimewafunga wengi," alisema Odelia, akainuka.

*

Chumba chenyewe kilikuwa pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu ndani ya jengo lisilo na madirisha, nje kidogo ya Clear Lake. Wanne waliishi humo kana kwamba wako angani tayari: hewa yao ilizungushwa na kusafishwa, maji yao yalirudishwa kutoka kwenye jasho na mkojo, na kitu chochote kiliingia au kutoka kupitia kidirisha cha milango miwili ambacho upande mmoja haukufunguka mpaka wa pili ufungwe. Kulikuwa na kioo kimoja kinene cha kutazamana, na simu ya ukutani kila upande.

Royce Tamplin alisimama kando ya kidirisha, glovu mkononi, kofia imeelekea nyuma.

"Bi Odelia, umekuja kunikamata?"

"Ukiniuliza hivyo unanirahisishia kazi. Niambie unavyofanya."

"Wanapuliza. Wanafunga mdomo wa mfuko, wanauweka kidirishani, mimi naufungua upande huu, napeleka maabara. Kutoka hapa hadi kule ni ukumbi mmoja."

"Na mkono wako ungeweza kufanya nini ndani ya ukumbi mmoja?"

Royce alicheka, lakini masikio yalimwiva. "Ningeweza kutia tone la asetoni kwa sindano. Ningeweza kubadilisha mfuko. Nimeshakaa nikayafikiria yote hayo, maana najua kila mtu humu anayafikiria. Kiti nakitaka, mama. Nakitaka mpaka nakiota. Lakini nikikipata hivi, kila nikipita watu watanong'ona, 'Yule aliyepandia njaa ya mwenzake.' Nitaishije?"

"Vizuri tu. Wengi wanaishi." Odelia alimnyooshea mkono. "Lete glovu. Jioni hii mifuko nachukua mimi."

Alipobaki peke yake aligonga kioo. Dessa Hruska alikuja, akaketi kwenye kigoda upande wa pili, akainua simu. Binti wa watu wa Hallettsville, mabega ya mtu aliyebeba marobota ya nyasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Odelia alitazama kwanza vidole. Kucha hazikuwa na rangi, wala dalili ya kuwahi kupakwa. Zilikuwa zimetafunwa hadi nyama.

"Hizo umeanza lini?" aliuliza Odelia.

"Kutafuna? Tangu Daktari aliponiambia najitapisha." Alikunja ngumi kuzificha. "Mimi, bibi! Mama yangu akisikia, atakuja hapa na sinia la kolachi, yale maandazi ya jemu, amlishe Stroud kwa nguvu, amshikilie pua."

"Unakula nini?"

"Kila kinachoingia kidirishani. Hata yale maharage ya Clete."

Nyuma yake sauti nene ya kiume ilidakia kwa mbali. "Anakula kama mvuna pamba! Mwambie! Jana kanilia hata biskuti yangu!"

"Nyamaza, Clete, hujaulizwa!"

"Mwache aseme," alisema Odelia. "Ndiye nani?"

"Clete Yarbrough. Fundi wetu wa maji. Katoka kule Pecos ambako hata mijusi inakunywa kwa zamu, kwa hiyo anadhani kila mtu ni mwizi wa chakula na maji."

Odelia aliweka chupa ya chai sakafuni. "Dessa, uzito wako vipi?"

"Uleule. Nimeongezeka kidogo, ukitaka ukweli. Tunapimwa kila wiki, muulize Daktari."

Odelia alitikisa kichwa taratibu. Nyumba inayochoma milango yake kupikia, siku ya siku haibaki na milango. Kama mwili wa binti huyu ulikuwa umejichoma usiku baada ya usiku tangu mwezi uliopita, mbona mashavu yamejaa? Daktari alikuwa na namba ya uzito mezani kwake na hakuitazama, kwa sababu alikuwa ameshapata jibu kabla hajamaliza swali.

"Sikiliza," alisema, akishusha sauti. "Kwenye sanduku la dawa mna vidonge vya mafuta ya mnanaa, vya kutuliza tumbo. Si ndiyo?"

"Vipo."

"Leo mchana meza kimoja. Usimwambie mtu. Wala yule wa Pecos."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuambia, mwanangu."

*

Jioni wanne walipuliza kama kawaida. Odelia aliwatazama kupitia kioo. Nusu ya kwanza ya pumzi waliitupa, maana hiyo ni hewa ya mdomoni, imebeba kahawa na vitunguu. Nusu ya pili, ile inayotoka chini kabisa ambako hewa na damu hupeana mikono, ndiyo iliyoingia mfukoni. Pampu ya ukutani inayonyonya hewa ya kupimwa hukuambia chumba kina nini. Pumzi hukuambia mtu amevuta nini. Si jambo moja, kama vile sufuria si tumbo.

Aliichukua mifuko mwenyewe, akaipeleka mwenyewe, akasimama nyuma ya Stroud mashine ilipokuwa ikichora vilima vyake kwenye kioo cha kompyuta.

"Asetoni yake imeshuka, kama kila jioni, lakini bado imewazidi wenzake," alisema Stroud. Kisha akainama karibu. "Na hiki nini? Mnanaa?"

"Kwa mwingine upo?"

"Haupo. Ni mfuko wake tu."

"Nilimmezesha kidonge mchana. Umepita tumboni, ukaingia damuni, ukatokea kwenye pumzi. Royce hakujua, wewe hukujua, mwenye kubadilisha mfuko asingejua. Na glovu leo zilikuwa kwangu. Mfuko ni wa Dessa, na asetoni ni ya Dessa."

Stroud aligeuza kiti. Alionekana kama mtu aliyeshinda asivyotaka. "Basi umenithibitishia, mama. Inatoka kwake."

"Nimekuthibitishia kwamba Royce si mwizi. Tusichanganye mboga." Odelia alivuta kiti kingine. "Mbona haujakonda mwili unaojila?"

Daktari aliitazama karatasi ya uzito mezani.

"Uzito wake ulikuwa nao."

"Maji yanaweza kuficha uzito," alisema Stroud, lakini polepole.

"Maji yanaficha wiki moja. Hayafichi mwezi. Nionyeshe hewa ya chumba."

Akamwonyesha. Pampu ya ukutani ilikuwa katikati ya pipa, karibu na meza ya kulia, inanyonya kidogo kidogo kutwa kucha. Asetoni, hakuna. Mvuke wa rangi, hakuna. Gundi, hakuna. Spiriti, kidogo.

"Spiriti hii?"

"Kila siku ipo. Wakimaliza chakula cha jioni wanafuta meza, vishikio, ukuta, kila kitu, kwa vitambaa vya spiriti. Kule ndani ukungu ukiota umeota. Wote wanne wanaivuta, wote wanne wanayo kidogo kwenye pumzi, na kiasi hicho hakimdhuru mtu."

"Kitandani kwake mmepima?"

"Mara mbili. Alipima Clete kwa pampu ya mkono, nikiwa nasoma huku. Safi."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Mchana," alirudia Odelia. "Dessa analala mchana?"

Nje ukumbini Royce alikuwa ameegemea ukuta akijifanya kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Asubuhi inapanda," Odelia aliendelea. "Wewe unasema kwa sababu usiku hali. Sawa. Lakini usiku kuna jambo jingine analolifanya, nalo ni kulala mahali pamoja, mlango umefungwa, uso umeelekea bomba moja la hewa. Una mambo mawili yaliyofungwa fundo moja, Daktari. Tuyafungue. Kitanda chake ni kipi?"

"Cha tatu."

"Leo usiku Dessa alale cha nne. Wa cha nne ni nani?"

"Clete."

"Clete alale cha tatu. Wale chakula kilekile, wafute ukuta uleule, wafanye kila jambo kama walivyozoea. Asubuhi wapulize. Kama ni njaa, njaa itamfuata binti kitanda cha nne. Kama ni kitanda, tutaona kitamfanyia nini huyo mvulana wa Pecos."

Stroud alitafakari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kumwacha mwanaanga apande na moyo wenye hitilafu, akaapa kutorudia, na tangu hapo kila kikohozi alikiona jeneza. "Kamati ni adhuhuri," alisema mwishowe.

"Pumzi ni asubuhi. Tuna muda wa kunywa na chai."

Kwenye simu ya ukutani habari ya kuhamishana vitanda ilipokelewa kwa kelele.

"Bi Odelia, hunitakii mema!" Dessa alilalama. "Umewahi kunusa soksi za huyu bwana? Nikifa usiku, muandike soksi."

"Na mimi nitalala kwenye nywele zake," alijibu Clete. "Mto mzima nywele! Kama kulala na mbwa!"

"Mbwa ana nafuu kuliko wewe, anaoga!"

"Maji ya kuogea unayapata wapi kama si kwangu?"

Odelia alikata simu akitabasamu. Watu wanaotukanana hivyo hawana sumu baina yao. Alilitia hilo akilini pamoja na mengine, kisha akaenda kulala.

*

Asubuhi kulikuwa na ukungu wa joto, ule wa pwani unaofanya miwani ilowe mtu akishuka kwenye gari. Stroud alikuwa ameshafika. Shati lilikuwa la jana. Mifuko minne ilikuwa mezani. Odelia aliipitisha mashineni mmoja baada ya mwingine, wa Dessa kwanza.

Kilima cha asetoni kilijichora, kikaanza kupanda, kikakata tamaa. Kilikuwa kimeshuka kuliko jioni ya jana. Asubuhi ya kwanza tangu mwezi uliopita ambayo pumzi ya Dessa Hruska haikupanda.

Wa kwanza na wa pili, kama siku zote. Kisha wa Clete.

Kilima kilipanda. Kikapanda mpaka mashine ikabadilisha kipimo ili kikae ndani ya kioo.

"Huyu naye anajitapisha?" aliuliza Odelia.

Stroud alikaa. Alikaa vibaya, kwenye ukingo wa meza, akaangusha kalamu. "Amekula sahani mbili usiku," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwona kwenye kamera ya meza ya kulia. Nyama ya kifua, maharage, na biskuti za Dessa."

"Njoo."

Pale kwenye kioo Clete Yarbrough alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Jitu refu, ndevu za rangi ya kutu, macho ya mtu aliyeamka anajipenda. Dessa alisimama nyuma yake amekunja mikono, anatafuna kidole gumba. Yeye alijua maana ya asubuhi hii. Clete hakujua.

"Ulilalaje, bwana?" aliuliza Odelia.

"Kama mfalme, mama. Kichwa kizito kidogo nilipoamka, lakini kile kitanda kina upepo! Nilikuwa najua kina upepo, ndiyo maana naanikia kule, ila sikujua ukikilalia—"

"Unaanika nini?"

"Vitambaa."

"Vitambaa gani, mwanangu?"

"Vya kufutia." Clete alitazama uso wa Odelia, akatazama wa Stroud, akakishusha kikombe. "Si tumeambiwa? Kitu chenye maji hakitupwi. Taulo, soksi, tambara, maganda ya chai, kwanza kikaushwe, maji yake yarudi hewani, mashine iyakamate, tuyanywe tena. Ndiyo sheria ya kwanza tuliyofundishwa humu. Wengine wanabonyeza vitambaa kwenye pipa la taka vikiwa vimelowa chepechepe! Mimi nikiona hivyo roho inaniuma. Mama yangu kule Pecos maji ya kuoshea vyombo alimwagia nyanya, na ya nyanya yakivuja alinawia miguu."

"Kwa hiyo unaviokota."

"Navichambua kwenye pipa wakishaingia kulala, natandaza kwenye wavu wa feni pale nyuma ya kitanda cha tatu. Feni yake ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Asubuhi mimi ndiye ninayeamka kuweka kahawa, navikusanya vimekauka kama karatasi, natupa. Watu wa maji wametusifu mara ngapi? Hakuna kikosi kilichorudisha maji kama sisi."

"Ile feni inavuta upepo inaupeleka wapi?"

"Kwenye bomba la..."

"La kitanda cha tatu," alimalizia Dessa. Alisema polepole, kama anayesoma kaburi. "Usoni kwangu."

"Lakini ni vitambaa vya kusafishia! Kila jioni humu ndani kunanuka hivyohivyo! Hata usiku huu nimesikia harufu, nikasema, ah, usafi."

"Kilicholowa si lazima kimelowa maji, Clete," alisema Odelia. "Vile vimelowa spiriti."

Stroud alichukua simu mkononi mwa Odelia. Alikuwa ameshafika alikokuwa anapelekwa, na uso wake ulionyesha kwamba njia yote alikuwa akiijua. "Spiriti," alisema. "Hii si ile ya pombe, ni isopropili, na ini likiipata linaigeuza asetoni. Hilo nimefundishwa mwaka wa pili wa masomo. Aliyelala pale ameivuta usiku mzima kwa wingi, ikifika asubuhi nyingi imeshageuka, imebaki kiasi kidogo ambacho kila mtu humu anacho. Mimi niliiuliza hewa kama ina asetoni, ikanijibu kweli haina."

"Ulimtafuta mtoto," alisema Odelia. "Alikuwa hajazaliwa bado. Alizaliwa ndani ya Dessa."

Upande wa pili wa kioo Clete alikuwa amegeuka kumtazama mwenzake. Mikono yake mikubwa haikuwa na pa kwenda.

"Dess. Mimi ndiye niliyekuwa nakutoa."

"Naona."

"Kila usiku. Kwa mikono yangu. Halafu nakuwekea kahawa."

"Clete, ukianza kulia nitakupiga na hicho kikombe." Alijisugua paji la uso. "Kilikuwa kinaniuma kichwa kila asubuhi. Nikadhani ni woga. Nikasema nikilitaja, Stroud ataniandikia na woga."

Stroud alisikia hayo. Simu ilikuwa sikioni mwake. Odelia akamgusa kiwiko.

"Daktari. Kamati."

"Nilishawapelekea neno langu kwa maandishi juzi. Wameshalisoma."

"Basi wapelekee jingine."

"Wataniuliza kwa nini sikuuliza juu ya spiriti. Wataniuliza juu ya uzito."

"Watakuuliza, ndiyo. Na jibu lake ni fupi, halihitaji hata miwani." Odelia alishika chupa yake ya chai. "Mimi nitaandika nilichokiona: kitanda, feni, vitambaa, pumzi nne. Lakini sitakwenda kukusemea. Wewe ndiye uliyesema juu ya njaa yake. Kinywa kilichotoa ndicho kirudishe."

Stroud alifunga kifungo cha juu cha shati la jana, akaenda.

*

Kungoja ni kazi, na Odelia aliifanya kama kazi. Alimwagiza Clete akabandue wavu wa feni, auweke kwenye mfuko, aufunge, aupitishe kidirishani. Aliwaagiza watu wa maji wayapime maji yaliyorudishwa, maana palipokuwa na spiriti hewani, na kwenye matangi haikosi. Fundi wao mkuu alipoelewa kwamba sifa alizozitoa alikuwa amezitolea spiriti, aliuliza kama jambo hilo lazima lifike mbali. Odelia akamwambia lazima. Royce alisaidia kubeba, bila kuulizwa, bila mzaha.

"Basi mimi nimerudi benchi," alisema wakiwa ukumbini.

"Inauma?"

"Inauma." Aliweka mfuko chini taratibu. "Lakini nitalala."

Clete alirudi kwenye simu. "Bi Odelia, mimi je? Watanitoa?"

"Sijui, baba. Ulivunja usichojua kwa kushika ulichojua. Watakupigia kelele, hilo najua. Waambie yote, usipunguze."

"Nikitoka mimi, mlango unafunguliwa kwa ajili yangu. Wenzangu wanaanza upya."

"Ndiyo maana nadhani watakupigia kelele tu."

Dessa alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea chuma, anatazama mlango wa ukumbi upande wa Odelia. Adhuhuri ilipita. Chakula chao kilipitishwa kidirishani kikapoa mezani. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Alipokuja Stroud, alikuja akitembea kama kawaida yake, si haraka si polepole, na uso wake haukusema kitu. Alipita mbele ya Odelia. Alichukua simu, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka sikioni. Upande wa pili Dessa aliinua ya kwake kwa mikono miwili.

"Hruska," alisema daktari. Akakohoa. "Mafundi wa mavazi ya anga wamekuulizia. Wanataka vipimo vya mikono yako, wakate glovu. Wanasema wamechelewa, wanavitaka leo."

Dessa alivitazama vidole vyake, kucha zilizoliwa, kimoja baada ya kingine. Kisha akaufungua mkono wote wa kulia akaubandika kwenye kioo, vidole vimetanuka, na Stroud akaanza kupapasa mifuko ya koti lake akitafuta futi.